Nimebaki na vitabu 139 vya mchezo wa mezani chini ya kitanda. Nichape tena au niache?

MvuviWaGiza (Nyegezi, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Maelezo ni marefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja, swali liko mwisho.

Nina stesheni hapa Nyegezi: kopi, kuchapa kazi za wanafunzi, kubana tasnifu, picha za pasipoti. Jioni wateja wakiisha naandika michezo ya mezani. Sisemi bao wala drafti. Nasema ile ya kusimuliana: mnakaa wanne watano, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, mnaingia kwenye nchi ya kubuni, na pale ambapo hakuna anayejua jambo litaishaje, dadu inaamua. Wamarekani wanayo tangu 1974 ilipotoka Dungeons & Dragons. Toleo lao la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, na maboksi walikuwa wanayapanga wenyewe kwa mikono nyumbani. Habari hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikasema kama wao walianzia sebuleni, mimi nina mpaka mashine ya kopi.

Wangu unaitwa Mitumbwi ya Giza. Wachezaji ni watu wa mtumbwi mmoja wa dagaa, kwenye ziwa linalofanana na letu ila visiwa vyake vinahama. Kuna nahodha, mshika taa, mvuta nyavu na nfumu, yaani mganga. Mnatoka kila giza. (Kwa wasio wa kanda hii: giza ni zile siku ambazo mwezi haupo, taa ndiyo inaita dagaa. Mwezi ukijaa taa haina kazi, watu wanakaa nchi kavu.) Zimwi la mchezo nimelitoa kwa Shing'weng'we, lile lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito, mpaka akazaliwa Masala Kulangwa akaenda kulipasua. Bibi yangu wa Magu akifika pale tumbo linapopasuliwa alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja mara moja, pah! Nimeiweka kama kanuni: msimulizi akipiga meza, waliomezwa wote wanarudi.

Sasa shida zenyewe.

Uchapaji. Mtu atauliza kwa nini mwenye stesheni asichape mwenyewe. Mashine yangu ni ya mtumba, nyeusi na nyeupe, ukiibana kurasa 500 mfululizo inaanza kunuka. Nikapeleka kwa mchapaji mmoja wa mjini: kurasa 64, saizi ya A5, jalada la rangi, gundi mgongoni, nakala 200 kwa 6,500 kila moja. Jumla 1,300,000, na humo ndani ilikuwemo ada ya mdogo wangu ambayo niliahidi kuirudisha kabla muhula haujaanza. Niliirudisha, kwa kuuza kompyuta. Vitabu vilikuja vinang'aa. Wiki ya pili mteja akanirudishia kimoja. Nikakifungua katikati, kikalia kama kijiti cha mswaki kinavunjika, na kurasa za 33 mpaka 48 zikabaki mkononi kwangu. Nikajaribu vingine kumi, saba vikafanya vilevile. Riwaya mtu angevumilia, anasoma mara moja anaweka. Kitabu cha mchezo kinalazwa wazi mezani masaa matatu, kinafunguliwa, kinafungwa, mtu anakiwekea kikombe cha chai juu kisijifunge. Mchapaji nilipompigia alisema ni joto la huko kwenu. Huko kwetu wapi, kaka? Ofisi yako na duka langu ni daladala moja.

Dadu. Niliandika kwa dadu ya pande 20 kwa sababu ndivyo nilivyojifunza kwenye intaneti. Hapa Mwanza hujawahi kuiona. Nikaagiza seti 40 kutoka nje, kila seti dadu saba, zikakaa njiani wiki tano, na nilipomaliza kulipa usafiri na ushuru kila seti ilikuwa imenifikia kwa 14,000. Kitabu nauza 15,000. Kwa hiyo namwambia kijana wa chuo atoe 29,000 ili aje kuambiwa asimulie hadithi, jambo ambalo bibi yangu alilifanya bure.

Neno. Hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi kuliko kwenye gundi. Michezo ya Kiingereza ina yule mhusika msomi wa vitabu vya nguvu za ajabu, anarusha moto, anafungua milango, na ni shujaa. Ukimtafsiri kwa kamusi unapata "mchawi". Jaribu kumwambia mama wa Kisukuma kwamba mwanawe Jumamosi anacheza mchawi na ni shujaa. Na si suala la ulokole tu. Kanda hii yetu vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, macho ambayo yameiva kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka 50. Sitaki kitabu changu kimpe kijana wa miaka 15 neno hilo kama mchezo. Ndiyo maana nikaweka nfumu, mtu wa dawa na kuagua, na neno mchawi halimo kwenye kurasa zote 64. Hata hivyo mama mmoja alikuja dukani na kitabu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, hataki kukigusa, akakiweka kaunta akasema mchungaji wa vijana amesema nirudishiwe hela. Nikamrudishia. Marekani nako miaka ya 1980 wazazi waliivalia njuga michezo hii kwamba ni ya kishetani, kwa hiyo angalau nipo kwenye mstari mrefu.

Soko. Duka moja la vitabu lilinidai ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Nikaenda kuifuatilia Bodi ya Huduma za Maktaba nikaipata. Niliporudi nayo wakasema wanachukua 35%, na hela yangu nitaipata kikishauzwa. Nilipopita baada ya miezi miwili nilikikuta rafu ya chekechea, kati ya kitabu cha kupaka rangi na cha herufi. Vitatu viliuzwa. Nadhani kuna watoto watatu wa miaka minne wamemjua Shing'weng'we mapema mno.

Kwa jumla zimetoka 61. Swali: nikakope, nichape 500 Dar kwa ofseti, vizuri safari hii? Au niachane na karatasi, nitafsiri Kiingereza niuze PDF huko nje ambako watu wanaijua michezo hii? Au niuze kilo? Mwenye karanga mmoja ameshaniulizia.

PoolTable_Igoma

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na sijutii, ila ukweli usemwe. Hela ya vitabu 200 ungepata meza ya pool iliyotumika. Kijana anaweka mia tano yake, mipira inashuka, hakuna cha kusoma. Watu wa huku hawasomi kanuni za kitu chochote, hata simu mpya wanamwita jirani.

MvuviWaGiza

Nimecheka kwa sababu ni kweli kuhusu simu. Ila kucheza wanacheza, na nitakwambia nilivyoona. Mwezi mkubwa uliopita nilishuka Mwaloni, Kirumba, wavuvi wamekaa hawana kazi, wanashona nyavu. Watano wakakubali kujaribu ili wanicheke. Tulikaa kwenye mbao za kuanikia, na mbao zile zina nyufa, dadu ya kwanza ilipita katikati ikaenda majini, 14,000 yangu ikawa pungufu ya moja ya saba. Tukaleta mfuniko wa ndoo tukawa tunarushia humo. Baada ya nusu saa yule aliyekuwa mshika taa, mzee wa makamo, amenyamaza kabisa, ameinamia mfuniko. Nikamwambia taa yako ina mafuta ya kuwaka mara moja tu, kushoto kuna dagaa, kulia unasikia mtu anaita jina lako. Akaniuliza: ananiita jina la nyumbani au la ziwani? Mimi nimeandika kitabu kizima sikuwahi kufikiria kwamba mtu ana jina la ziwani.

Tulicheza mpaka saa tano usiku. Tulipomaliza nikatoa vitabu, nikasema bei. Nahodha akanitazama kwa huruma: "Kitabu cha nini na wewe upo?"

Hakuna aliyenunua.

FundiMashine (Dar es Salaam)

Nipo kwenye uchapaji mwaka wa 19 sasa, ngoja nikusaidie kwenye gundi, hayo mengine siyajui.

Kaka, kurasa 64 ni karatasi 32. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mgongo wako kwa hiyo ni milimita 3 na kidogo. Gundi ya moto haina pa kushika hapo, na kama mgongo haukukwaruzwa kwanza ndiyo kabisa, inakaa juu kama ngozi ya maziwa. Halafu sidhani kama mchapaji alikwambia hili: nyuzi za karatasi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Ukiikata katikati upate A5, nyuzi zinakuwa zimelala kwa upana wa kitabu, zinakata mgongo badala ya kwenda nao sambamba. Karatasi inakuwa ngumu kufunguka, kila ukiifungua inavuta gundi. Kikitokea kile kishindo cha mswaki ulichosema, ndiyo hiyo. Joto halihusiki sana, amekuonea.

Kurasa 64 kwa mchezo piga pini katikati, au punguza ziwe 48. Na hesabu yako igawanyike kwa 4 siku zote, ukileta kurasa 66 unalipia mbili nyeupe za bure.

Ofseti Dar usikimbilie. Pleti na karatasi za kupoteza wakati mashine inawekwa sawa unalipia yote kabla kitabu cha kwanza hakijatoka, gharama ile ile uchape 100 au 1,000. Ndiyo maana tunasema 500 ndipo inaanza kuwa nafuu. Lakini nafuu ya nini kama umeuza 61? Utakuwa na 439 chini ya kitanda badala ya 139, tena vimeshonwa vizuri.

Na hivyo 139 kwa nini viko chini ya kitanda? Umesema mwenyewe unabana tasnifu. Una mashine ya spairo hapo dukani. Kata mgongo milimita 5, toboa, pitisha spairo. Kinalala wazi mezani kama daftari, kikombe cha chai hakihitajiki.

MvuviWaGiza

Fundi, nimesoma hapa kwenye spairo nikageuka nikaitazama mashine. Ipo mita moja na nusu kutoka nilipokaa. Miezi minane. Naomba mtu asiniandikie chochote dakika kumi.

OmenaNaUgali (Kisumu)

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Dagaa sisi tunaita omena lakini giza ni lile lile. Mimi natengeneza michezo kama yako, kwa Kiingereza, na njia ya PDF nimeitembea, kwa hivyo sikiza kabla hujatafsiri.

Kuchangisha pesa kwanza: sahau Kickstarter kwa jina lako. Orodha ya nchi ambazo mwenye mradi anaweza kutoka haina Kenya wala Tanzania. Utahitaji mtu wa huko afungue kwa jina lake na pesa ikae kwake, na hapo ndipo urafiki unapopimwa. Mimi wangu ulipimwa ukafeli.

Kuuza PDF kuna maduka mawili ya mtandaoni: DriveThruRPG inakupa 65% ya bei, au 70% ukikubali usiuze kwingine. Itch.io wewe mwenyewe unachagua uwaachie kiasi gani, na usipogusa kitu ni 10%. Mwaka jana niliuza nakala 23 kwa dola 6, kwa 65% ikawa kama dola 90. Kuna fomu ya kodi ya Marekani ya watu wa nje, W-8BEN, jaza kwa makini, maana mirabaha inayotoka kule hukatwa 30% kama nchi yako haina mkataba wa kodi nao, na sisi sote wawili hatuna. Kutoa pesa, Kenya tuna bahati, PayPal iliunganishwa na M-Pesa tangu 2018. Kwenu uliza kwanza njia ya kupokea kabla ya kupanga bei. Nina rafiki wa Musoma pesa yake ilikaa kwenye akaunti mwaka mzima, anaiona kama samaki kwenye kioo.

Leseni, kwa sababu umesema ulijifunza kwenye kanuni zao. Namna ya kucheza haina hakimiliki, hakimiliki iko kwenye maneno na picha. Ila ukitaka kunakili maneno yenyewe ya Dungeons & Dragons, tumia ile hati ya kanuni za msingi, SRD 5.1, iliyowekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, utaje tu chanzo. Mwezi huohuo rasimu ya leseni mpya ya wenye mchezo huo ilivuja, ikitaka 25% ya mauzo yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka, na wachapishaji wadogo wakaja juu mpaka wenyewe wakarudi nyuma. Mimi na dola zangu 90 nilikasirika pamoja nao, sijui kwa nini.

Wakubwa nao wanaumia, usidhani. Wengi wa Marekani wanachapa maboksi na vipande China, na Aprili 2025 ushuru wa bidhaa za China kule ulipanda mpaka 145%. Kuna watu makontena yao yalikuwa majini.

Lakini nikwambie kitu kimoja. Kati ya hao 23, wanne waliniandikia. Wote wanne waliuliza kama ninayo kwa Kiswahili, waone tu inavyokaa. Sina.

Mwl_Nansio (Ukerewe)

Kaka MvuviWaGiza, mimi ni mmoja wa wale 61. Nilinunua dukani kwako mwezi wa pili nilipoleta mitihani kurudufu, labda hunikumbuki, nilikuwa na mtoto mgongoni. Sikununua dadu, ulivyotaja bei nilidhani nimesikia vibaya.

Nakitumia na klabu ya Kiswahili, kidato cha pili. Dadu yangu ni vizibo vya soda 20, nimeviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, viko ndani ya kikombe cha bati. Mtoto anafumba macho anachota. Kanuni niliyoweka ni kirudishwe kikombeni kabla ya mwingine kuchota, ila watoto wamekataa kukirudisha na wana hoja. Wanasema namba mbaya ikishatoka, mtumbwi unajua imetoka, wanapata ujasiri wa kwenda mbali zaidi. Na vikibaki vizibo vitano kikombeni na namba 1, ile mbaya kuliko zote, haijatoka, darasa zima linanyamaza. Nimewaachia. Vikiisha vyote ndiyo alfajiri, mtumbwi unarudi. Kitabuni kwako alfajiri inakuja msimulizi akiamua, sisi inakuja vizibo vikiisha.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Ukurasa wa 37, jedwali la dhoruba, namba 1: "Kivuko kinapinduka mbele yenu. Okoeni mnaoweza." Ilitoka kikao cha kwanza kabisa. Niliisoma kwa sauti kabla sijaiona kwa macho, unajua unavyosoma mbele ya darasa. Wasichana wawili wakasimama wakatoka nje. Mmoja anatoka Ukara. Septemba 2018 alikuwa mdogo, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati, watu zaidi ya 200, na kwao waliondoka watatu. Hakulia. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya maktaba, akaniambia mwalimu sijakasirika, mimi nasubiri tu wamalize kuokoa.

Sikulaumu. Mwanza mjini mtu anaweza kuandika hivyo bila nia mbaya. Mume wangu aliposikia alisema na meli ya MV Bukoba je, iliyozama 1996, kwao Bukoba bado hawajamaliza. Lakini kile kitabu kama kitachapwa tena na ule mstari, mimi sitakibeba darasani.

OmenaNaUgali (Kisumu)

Mwalimu, pole kwa huyo binti. Meza nyingi za nje huweka kadi katikati yenye alama ya X. Mtu yeyote akiigusa, hiyo sehemu ya hadithi inaachwa hapo hapo na haulizwi sababu. Mimi nilikuwa naiona ni mambo ya Wazungu wasiopenda kuumizwa. Leo nimebadili mawazo.

Mwl_Nansio (Ukerewe)

Nimeielewa, ahsante. Ila wa kwangu hawatagusa kadi, wataona aibu mbele ya wenzao. Labda kizibo kisicho na namba, kila mmoja akae nacho mfukoni. Akikitupa kikombeni tu, tunajua.

MvuviWaGiza

Mwalimu, shikamoo. Nakukumbuka, mtoto alikuwa anavuta waya wa mashine ya kopi.

Nilipoandika ule mstari nilikuwa natafuta kitu kikubwa kwa ajili ya namba 1. Nilikaa hapahapa, nikafikiri ni nini kibaya kuliko vyote ziwani, kikaja chenyewe, nikaandika, nikageuza ukurasa. Sikumfikiria mtu. Na mimi mwenyewe mjomba wangu alikuwa apande MV Bukoba akachelewa. Hiyo hadithi nyumbani tunaisimulia kama ya bahati, ndivyo ilivyoniingia kichwani kama kitu cha kusimulia. Naomba umfikishie binti samahani, au usimfikishie, wewe unamjua.

Nimekata vitabu vinne jana kwa kisu cha karatasi, nikatoboa, nikapitisha spairo. Fundi, vinalala wazi kama ulivyosema. Upande wa ndani maandishi yamesogea karibu na matundu, herufi za mwanzo za ukurasa wa 12 zimeumia kidogo, zinasomeka. Kimoja nilikata milimita 8 kwa papara, hicho nabaki nacho mwenyewe. Spairo zilizopo dukani zinatosha vitabu 60.

Na kwa sababu kimeshafunguliwa mgongo, karatasi yenye kurasa za 37 na 38 natoa naweka nyingine. Mashine yangu inatosha kwa karatasi moja moja, haitanuka. Mwalimu, ningeomba wanafunzi wako ndio waandike namba 1 mpya. Sina haraka, mwezi ndiyo kwanza unapungua.

PoolTable, nimefikiria lako pia. Sinunui meza. Ila Jumamosi nitatoa benchi nje ya duka, elfu moja kila mtu, kikao kimoja, na chai ndani yake. Nahodha wa Mwaloni alisema kweli, mimi nipo.

PoolTable_Igoma

Elfu moja na chai? Mkuu hiyo biashara inakufa wiki ya kwanza. Weka elfu mbili, chai bila maziwa. Nitakuja nione tu, sichezi.

Mwl_Nansio (Ukerewe)

Wameandika. Walibishana vipindi viwili, wakapiga kura. Hii hapa, sijagusa neno:

"1. Taa zote zinazimika. Hakuna anayeona mwenzake. Kila mtu ataje jina lake kwa sauti, nahodha ahesabu. Hesabu ikitimia, mtumbwi unaendelea. Isipotimia, hakuna anayepiga kasia mpaka itimie."

Yule wa Ukara ndiye aliyeongeza sentensi ya mwisho.

Nahitaji vitabu tisa, shule italipa kwa lipa namba mhasibu akirudi. Chini ya bei kidogo, tafadhali, ni shule ya serikali.

MvuviWaGiza

Tisa viko kwenye boksi la karatasi za A4, vya spairo, na karatasi mpya ya 37. Elfu nane kila kimoja. Nimemkabidhi kijana wa mizigo bandarini, vinakuja na meli ya kesho, andika jina la shule kwenye mkono wako usisahau kumuuliza. Ndani kuna mfuko wa vizibo, baa ya jirani walinipa ndoo nzima. Namba sijaandika, waandike wao. Ishirini kwa kila kikombe, na mfuko mdogo ni wa vile visivyo na namba.